Jicho la mmoja, vidonge vya nyumba nzima

Mbele ya Hospitali ya Sydney, kwenye Mtaa wa Macquarie, amekaa nguruwe mwitu wa shaba. Mwili wake umeshika weusi wa miaka mingi, lakini pua inang'aa kama sufuria iliyotoka kusuguliwa kwa majivu. Ndiyo desturi ya mji: mpita njia humsugua pua kutafuta bahati, akatupa sarafu chini yake, na sarafu zile huenda kuisaidia hospitali. Sanamu hiyo ni nakala ya nguruwe wa Florence, Italia. Ilitolewa mwaka 1968 na Clarissa Torrigiani kuwakumbuka baba yake na kaka yake, Thomas na Piero Fiaschi, waliokuwa madaktari wa upasuaji mjini Sydney.

Kaa pale dakika kumi utazame mikono. Mtu anasugua pua ya nguruwe, anacheka, anapiga picha, kisha mkono uleule unapanda kufikicha jicho. Hafikirii, wala hakuna anayefikiria. Nguruwe hana kosa katika habari hii, lakini mkono unalo, kwa sababu ndio njia kuu ya maradhi tunayoyazungumzia leo.

Nyuma ya nguruwe ndipo palipo na hospitali kongwe kuliko zote nchini Australia. Ilianza kujengwa mwaka 1811 na wafanyabiashara waliolipwa kwa kupewa haki ya kuingiza ramu, hata watu wakaiita Hospitali ya Ramu. Leo, ndani ya uzio mmoja, kuna Hospitali ya Macho ya Sydney na, katika jengo la Nightingale, kliniki ya magonjwa ya ngono. Mgonjwa anayeingia mlango wa kwanza, kitambaa jichoni, hadhani hata kidogo kwamba ana shughuli mlango wa pili. Wakati mwingine anayo.

Jicho moja jekundu

Tumchukue kijana yeyote wa mjini, mwenye miaka 20 na kitu. Anaamka asubuhi jicho moja jekundu, kope zimegandana kwa tongotongo. Haliumi sana, linawasha tu, kama limeingiwa mchanga. Anakwenda duka la dawa. Australia, tangu mwaka 2010, mfamasia anaruhusiwa kuuza matone ya kloramfenikoli bila cheti cha daktari, kwa hiyo kijana anarudi nyumbani na kichupa chake. Anajitonesha siku tano. Jicho linatulia kidogo, kisha linarudi vilevile. Wiki ya tatu inaingia, na kichupa cha pili kimeisha.

Daktari wa macho akilipindua kope la chini anakuta vinundu vimejipanga kama chenga za mchele. Akigusa mbele ya sikio, upande uleule, tezi imevimba. Anapitisha kijiti chenye pamba ndani ya kope na kukipeleka maabara. Kisha anauliza swali ambalo mgonjwa wa jicho hakulitarajia: je, una mwenza? Na kama unaye, naye ana dalili zozote?

Hapo ndipo kimya huingia chumbani. Klamidia ndiyo maambukizi ya ngono yanayoripotiwa zaidi nchini Australia, na wengi walio nayo hawasikii chochote. Hakuna maumivu, hakuna usaha, hakuna homa. Bakteria hutoka sehemu za siri hadi jichoni kwa mkono, au kwa majimaji yenyewe. Jicho huwa ndilo la kwanza kusema lililofichwa kwingine. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa klamidia, hata asiyeficha huumbuliwa, maana hakujua kama ana la kuficha.

Kwa nini matone yameshindwa? Kwanza, bakteria huyu haishi juu ya ngozi laini ya jicho kama vumbi juu ya meza. Anaingia ndani ya chembe hai za mwili, anajifungia humo, anazaliana, kisha chembe inapasuka na watoto wake wanatafuta chembe nyingine. Waliomwona kwanza kwa darubini walikuwa Ludwig Halberstaedter na Stanislaus von Prowazek, kisiwani Java mwaka 1907. Waliona vifurushi vidogo vimekumbatia kiini cha chembe kama joho lililotupwa mabegani, na jina klamidia limetokana na neno la Kigiriki la joho hilo. Ilichukua miaka 50 zaidi hadi Tang Feifan wa China alipofaulu kumkuza maabara, mwaka 1957. Mdudu wa namna hii ni mpangaji aliyejifungia chumbani, na tone la dawa hupita barazani tu.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, jicho si makazi yake pekee. Yumo puani na kooni, ambako machozi hushukia, na yumo sehemu za siri. Ukisafisha jicho peke yake umefagia sebule na kuacha takataka vyumbani. Kesho mkono utazirudisha.

Ndiyo maana dawa ya jicho hili humezwa. Mtu mzima hupewa azithromaisini gramu 1 kwa mkupuo mmoja, au doksisaiklini miligramu 100 mara mbili kwa siku kwa siku 7. Miaka ya karibuni madaktari wengi wanapendelea doksisaiklini kwa klamidia ya ngono, ila mjamzito hapewi hiyo, hupewa azithromaisini. Mwenza naye hutafutwa, akapimwa na kutibiwa, hata kama macho yake ni meupe kama maziwa, na wote wawili huambiwa wasikutane kimwili kwa wiki moja. Asipotibiwa mwenza, dawa imekuwa ya kupasha moto kiporo.

Hili lisimfanye msomaji akimbilie vidonge. Macho mekundu yana sababu nyingi: virusi, mzio, mwiba, shinikizo la jicho. Nyingi haziguswi na antibiotiki, na baadhi huua jicho kwa siku chache. La kujifunza hapa ni dogo tu: jicho jekundu linalokaa wiki tatu kwa matone lina swali jingine nyuma yake.

Mtoto wa siku saba

Mgonjwa mwingine wa bakteria huyu hajawahi kugusa mtu. Ni kichanga. Akipita katika njia ya uzazi ya mama mwenye klamidia, anaweza kutoka nayo jichoni. Macho huvimba na kutoa usaha kati ya siku ya 5 na ya 14. Tofauti na kisonono, ambacho huja kwa kishindo siku za mwanzo na kinaweza kutoboa jicho upesi, klamidia huja taratibu, na hapo ndipo inapowadanganya watu. Bibi atasema ni upepo. Shangazi atashauri jicho likamuliwe maziwa ya mama.

Kumpaka mtoto huyu dawa ya tyubu hakutoshi, kwa sababu ileile: bakteria ameshashuka puani na kooni, na baada ya wiki kadhaa anaweza kuonekana kifuani kama nimonia yenye kikohozi kikavu cha mfululizo. Kwa hiyo hata mtoto wa siku saba hunyweshwa dawa. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2016, lilipendekeza azithromaisini ya maji kwa siku 3, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito, badala ya erithromaisini ya wiki mbili. Kichanga anayepewa dawa hizi huangaliwa kwa karibu, kwani zinaweza kuziba njia ya kutokea tumboni, akawa anatapika kila anyonyacho.

Angalia kinachotokea kliniki siku hiyo. Mtoto ameletwa kwa ajili ya macho, lakini wanaoondoka na dawa ni watatu: mtoto, mama na baba.

Kutoka Redfern hadi Wattie Creek

Bakteria huyu ana ndugu wa ukoo mmoja, na wataalamu wamewapa herufi. Aina D hadi K ndizo za ngono, na ndizo za kijana wetu na kichanga wetu. Aina A, B, Ba na C haziendi kitandani. Hizo hupita kati ya watoto, kwa vidole, kwa kitenge cha kufutia kamasi, kwa shuka la kulalia pamoja, na kwa nzi anayetua kwenye tongotongo la mmoja kisha la mwingine. Ndizo ziletazo trakoma, ambayo Watanzania wengi wanaiita vikope.

Kuumwa mara moja hakupofushi mtu. Shida ni kuumwa tena na tena utotoni. Kila mara ngozi ya ndani ya kope inaacha kovu, makovu yanajikunja, kope la juu linageuka ndani, na nywele zake zinakwangua kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Ndiyo sababu ya kale ya kibano katika pindo la kanga la bibi: kung'oa kope moja moja, kila wiki, maisha yote. Wanawake ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa wao ndio wanaokaa na watoto.

Kwa miaka mingi Australia ilitajwa kuwa nchi pekee tajiri ambako trakoma ilibaki. Haikubaki Sydney yenyewe. Ilibaki jangwani, kwa Waaborijini, wenyeji wa asili wa nchi hiyo. Lakini vita yake ilipangwa sana Sydney. Ukitoka Mtaa wa Macquarie, vituo vichache tu vya treni vinakufikisha Redfern, ambako mwaka 1971 Waaborijini na marafiki zao walifungua, katika fremu ya duka, kituo chao cha afya cha kwanza. Miongoni mwa waliosaidia alikuwa daktari bingwa wa macho wa Hospitali ya Prince of Wales, Fred Hollows.

Hollows alizaliwa New Zealand mwaka 1929, akafika Sydney mwaka 1965. Mwaka 1968 alikwenda Wattie Creek, katika Jimbo la Kaskazini, kambi ya Wagurindji waliokuwa wamegoma na kuacha kazi katika shamba la ng'ombe la Wave Hill miaka miwili kabla. Alikuta watu wazima wenye makovu ya kope na watoto wenye macho yanayotiririka, katika nchi yenye hospitali kama zile alizoziacha Sydney. Kati ya mwaka 1976 na 1978 aliongoza msafara wa kitaifa wa macho pamoja na Waaborijini kama Gordon Briscoe, Trevor Buzzacott na muuguzi Jilpia Jones. Walifika jamii zaidi ya 460 na kuwapima watu zaidi ya 100,000.

Afrika Mashariki inamjua Hollows kwa mlango mwingine. Mwaka 1987 alikwenda Eritrea wakati wa vita vya ukombozi, na baada ya kifo chake mwaka 1993 kiwanda cha lenzi za macho alichokipigania kilifunguliwa Asmara, mwaka 1994. Mfuko unaobeba jina lake, ulioanzishwa Sydney mwaka 1992, umefanya kazi hadi Kenya.

Karanga zilipokosa mvua

Katika msafara ule wa miaka ya 1970 alikuwamo daktari kijana, Hugh Taylor. Baadaye, akiwa na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, alifanya utafiti Kongwa, mkoani Dodoma.

Msomaji wa Tanzania akisikia Kongwa anakumbuka karanga. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta hapo kulima karanga za kulisha Uingereza. Udongo ulikauka ukawa mgumu kama saruji, mvua haikuja, na kufikia mwaka 1951 mradi ulikuwa umekufa. Ukavu uleule uliozika karanga ndio uliolea vikope. Maji yakiwa mbali, ndoo moja ina wenyewe: ugali, kunywa, mifugo. Uso wa mtoto unakuja mwisho, kama unakuja.

Watafiti wa Kongwa waliuliza jambo rahisi: uso wa mtoto ukiwa safi, trakoma itapungua? Jibu lao, lililochapishwa mwaka 1995, lilikuwa ndiyo. Watoto waliodumu na nyuso safi walipata trakoma kali kwa uchache kuliko wenzao. Waligundua pia kwamba tatizo halikuwa umbali wa kisima peke yake. Lilikuwa pia namna watu walivyohesabu maji. Wengi waliamini kunawisha watoto kunakula maji mengi, hadi walipoonyeshwa nyuso ngapi zinaweza kuoshwa kwa lita moja tu.

Dawa ya wakati ule ilikuwa marhamu ya tetrasaiklini. Mama hupaka macho yote mawili, asubuhi na jioni, kwa wiki sita, kwa kila mtoto. Marhamu inawasha, inatia ukungu, inavuta vumbi, na mtoto wa miaka mitatu hupigana kama paka anayeoshwa. Kufikia wiki ya pili tyubu nyingi zimeshasahaulika kwenye kona ya nyumba. Wazo la kutibu trakoma kwa kumeza lilikuwapo tangu mwaka 1938, pale Fred Loe alipowapa Wahindi Wekundu wa Marekani vidonge vya salfa, lakini salfa ilikuwa na madhara mengi mno kuweza kugawiwa vijiji vizima.

Suluhisho lilitoka mahali pasipotegemewa. Mwaka 1980, katika kampuni ya dawa ya Pliva mjini Zagreb, uliokuwa mji wa Yugoslavia, kikundi cha Slobodan Đokić kilitengeneza azithromaisini. Sifa yake ni kwamba haibaki sana kwenye damu. Inaingia ndani ya chembe za mwili, palepale anapojificha mpangaji wetu, na inakaa humo siku kadhaa. Kidonge cha leo bado kinafanya kazi kesho kutwa na mtondo. Mwaka 1993 watafiti katika vijiji vya Gambia walionyesha kuwa dozi moja ya kumeza ilifanya kazi sawa na wiki sita za marhamu.

Mwaka 1998 kampuni ya Pfizer na mfuko wa Edna McConnell Clark zilianzisha mpango wa kimataifa wa kugawa dawa hiyo bure. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi tano za mwanzo. Tangu hapo dozi zaidi ya bilioni 1 zimetolewa duniani.

Siku ya kingatiba

Ugawaji huo Watanzania wanauita kingatiba, na ukifika kijijini siku yake hutasahau fito. Imesimamishwa wima chini ya mti, ina mistari, na watoto wanapangwa mbele yake mmoja mmoja, visigino chini, kichwa kimenyooka. Mizani haihitajiki. Urefu wa mtoto ndio unaosema dozi yake, kwa kuwa mzani huharibika na fito haiharibiki. Wadogo hunywa dawa ya maji kwa kikombe, wakubwa humeza vidonge, mtu mzima gramu 1. Wasiofika miezi sita bado wanapewa marhamu. Pembeni, mwenye daftari anaita majina: baba, mama, watoto, bibi, mpwa aliyekuja kusoma.

Hakuna anayepinduliwa kope. Hapa ndipo mgeni hushangaa: wazima wanameza dawa ya macho kwa nini? Jibu ni lile la Mtaa wa Macquarie. Swali la kliniki lilikuwa una mwenza, na swali la kijijini ni nyumbani mko wangapi. Maradhi haya hayakai kwenye jicho moja, yanakaa kati ya watu, na dawa hupelekwa yanakokaa. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala dozi ya mmoja haiponyi kaya.

Hesabu safi zaidi ya jambo hili imetoka Tanzania. Katika kitongoji cha Kahe Mpya, wilayani Rombo, mwaka 2000, watu 956 kati ya wakazi 978 walipewa dawa, karibu wote azithromaisini. Kabla ya hapo asilimia 9.5 ya wakazi walikuwa na bakteria jichoni. Miezi miwili baadaye walikuwa asilimia 2.1, na baada ya miaka miwili asilimia 0.1. Kwa mara moja tu ya kumeza, pamoja na marhamu kwa wachache walioonekana kuumwa baadaye, kitongoji kilikaribia kusafishwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004, na yalibeba funzo la pili ambalo halitajwi sana: kila walipopima tena, zaidi ya asilimia 90 ya bakteria waliobaki walikuwa kwa watu wale wale waliokutwa nao kipimo kilichotangulia. Moto ulikuwa unafukuta kwenye nyumba chache.

Kidonge hakiteki maji

Kahe Mpya ilikuwa na bahati. Maambukizi yake yalikuwa ya wastani, na karibu kila mtu alijitokeza. Kwingine, ambako nusu ya watoto wanaumwa, dawa hutolewa kila mwaka, na bado vikope vinarudi. Shirika la Afya Duniani liliona hilo mapema, likasimamisha mkakati wake juu ya nguzo nne: upasuaji wa kope zilizogeuka, antibiotiki, usafi wa uso, na mazingira, yaani maji na vyoo. Kidonge ni nguzo moja tu.

Nayo ina gharama isiyoonekana kwenye kopo. Mwaka 1997 watafiti wa kaskazini mwa Australia waliripoti kwamba baada ya watoto wa Kiaborijini kupewa dozi moja ya azithromaisini kwa trakoma, vimelea vya nimonia vilivyobaki puani mwao vilikuwa zaidi vile visivyosikia dawa hiyo. Upande wa pili, utafiti mkubwa uliofanyika Niger, Malawi na Kilosa, Tanzania, na kuchapishwa mwaka 2018, ulionyesha vifo vya watoto wadogo vilipungua kwa asilimia 13.5 katika jamii zilizopewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, ingawa faida kubwa ilikuwa Niger. Dawa inaokoa na inazoesha vimelea kwa wakati mmoja. Njia ya kutoka kwenye mtego huo ni kufika siku ambayo haihitajiki.

Sydney ilijibu swali la namna ya kufika siku hiyo kwa njia isiyo ya kawaida, na aliyejibu alikuwa mchora ramani za nyumba. Mwaka 1985 Yami Lester, kiongozi kipofu wa huduma ya afya ya Nganampa katika jangwa la Australia Kusini, aliwaita watu watatu: msanifu majengo Paul Pholeros wa Sydney, daktari Paul Torzillo wa mji huohuo, na mtaalamu wa afya ya mazingira Stephan Rainow. Aliwapa kazi moja, kuzuia watu wasiugue. Wao hawakuanza na dawa. Waliorodhesha mambo tisa ambayo nyumba lazima iyawezeshe, na la kwanza lilikuwa kumwosha mtoto.

Kisha wakaingia nyumba kwa nyumba na bisibisi mkononi. Katika miaka iliyofuata, baada ya kupima maelfu ya nyumba, waligundua kuwa ni asilimia 35 tu zilizokuwa na bafu linalofanya kazi. Watu walikuwa wamezoea kusema Waaborijini wanavunja nyumba zao. Orodha ya matengenezo ikasema vingine: karibu asilimia 70 ya uharibifu ulitokana na kutofanyiwa ukarabati wa kawaida, karibu asilimia 20 ulitokana na ujenzi mbovu tangu mwanzo, na chini ya asilimia 10 na uharibifu wa wakazi. Mtoto mwenye kamasi hakuwa na mama mzembe. Alikuwa na bomba lililokufa na fundi asiyekuja.

Mwaka 2009 serikali ya Kevin Rudd iliahidi kuimaliza trakoma na kutoa fedha. Takwimu za nchi nzima zinakusanywa na Taasisi ya Kirby ya Chuo Kikuu cha New South Wales, jirani na alikokuwa akifanya kazi Hollows. Mwaka 2009 karibu asilimia 15 ya watoto waliopimwa katika maeneo yenye hatari walikuwa na trakoma. Kufikia mwaka 2012 walikuwa karibu asilimia 4. Mtoto mmoja akikutwa nayo, nyumba yake nzima humeza. Shuleni mwalimu wa usafi ni kikaragosi aitwaye Milpa, ambaye ni kenge. Kwetu kenge ni tusi, na anatajwa tu anapojipenyeza katika msafara wa mamba. Huko jangwani anawafundisha watoto kunawa uso, na wanamsikiliza.

Kwingine mlango umeshafungwa. Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeitokomeza trakoma kama tatizo la afya ya jamii, mwaka 2012. Miongoni mwa zilizofuata ni Malawi mwaka 2022 na Burundi mwaka 2025. Tanzania na Kenya bado zina wilaya na kaunti zinazopambana, nyingi zikiwa za wafugaji na za ukame.

Kwa hao wafugaji ndiko kazi inakokuwa ngumu, na inarudi kwenye lile daftari chini ya mti. Jua likishuka, fito imewekwa kando na makopo yamefungwa, mwenye daftari anapitisha kidole kwenye kurasa. Karibu kila mstari una alama. Mstari mmoja uko mtupu: kijana wa miaka kumi, yuko machungani na mbuzi, atarudi giza likiingia. Fomu ya wilaya haitamlaumu mtu kwa mstari mmoja, asilimia imeshapita ile inayotakiwa. Lakini Kahe Mpya ilionyesha bakteria anabaki wapi. Mwenye daftari anaweka vidonge mfukoni, anaomba chupa ya maji, na anakaa kwenye kigoda mlangoni kuwasubiri mbuzi.